Hell's Gate: Nyuma ya katuni nzuri kuna mnyama anayetembea

Mahali ambapo njia ya kwenda Hell's Gate inachepuka kutoka Barabara ya Moi South Lake, baiskeli za kukodi huwa zimepangwa kando ya lami tangu asubuhi. Vijana wanaozikodisha hujaza upepo, hupandisha viti na kushusha, huku akina mama wakikagua breki moja baada ya nyingine kwa sura ya mtu asiyeamini anachoambiwa. Ndogo za watoto huisha mapema. Kutoka hapo hadi Lango la Elsa ni kama kilomita mbili, na kabla hata ya kufika langoni watoto wengi huwa wameshajifunza jambo la kwanza la siku: kokoto hazishiki gurudumu kama lami, na anayekata kona bila kuinama kidogo upande wa kona hujikuta kwenye nyasi.

Hifadhi hii ya Naivasha, iliyo umbali wa kilomita 90 na ushei kutoka Nairobi, ilianzishwa mwaka 1984. Si kubwa, kama kilomita 68 za mraba tu. Inachojivunia ni kwamba mgeni anaruhusiwa kushuka garini. Ni mojawapo ya hifadhi chache nchini ambamo familia hupita kwa miguu au kwa baiskeli huku pundamilia wakila nyasi hatua chache kando ya njia. Lango kuu limepewa jina la Elsa, yule simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson. Joy aliishi baadaye hapo karibu, Elsamere, ufuoni mwa ziwa. Anayekuja kutafuta simba mwenyewe afadhali aende kwingine. Simba si mnyama wa kutarajiwa hapa, na ndiyo maana watu wanaendesha baiskeli kwa raha.

Hata hivyo, filamu ya simba inayojulikana kuliko zote duniani ilipitia hapa. Mwaka 1991, watengenezaji wa The Lion King walifunga safari kutoka California hadi Hell's Gate. Miongoni mwao walikuwa mwongozaji Roger Allers, mtayarishaji Don Hahn, Brenda Chapman aliyesimamia hadithi, na Chris Sanders. Walikuja kuona ardhi, mwanga na nafasi ambayo wahusika wao wangeishi ndani yake. Filamu ilitoka mwaka 1994. Kila hifadhi ya Afrika Mashariki siku hizi ina mwamba wake unaodaiwa kuwa ndio ule wa Simba, na hakuna haja ya kuingia katika ugomvi huo. La maana kwa mzazi ni swali jingine: kwa nini watu wanaolipwa kuchora vitu visivyokuwepo wasafiri nusu ya dunia kwenda kuangalia vilivyopo?

Jibu liko kwenye nyasi, mita hamsini hivi baada ya lango.

Ngiri akila, hupiga magoti. Ndivyo watoto wanavyosema, na hucheka kwa sababu ngiri aliyepiga magoti na kuinua makalio anafanana na mtu anayetafuta shilingi iliyoingia chini ya kitanda. Lakini hilo si goti. Kiungo anachokikunja mguuni mwa mbele ni kifundo cha mkono, kile kile ambacho mtoto huvalia saa. Goti la nyuma la pundamilia, lile linaloonekana kukunjika kinyume, nalo si goti: ni kifundo cha mguu, na ncha yake inayochomoza nyuma ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, limefichwa na nyama. Pundamilia, kama farasi, anasimama juu ya kidole kimoja kwa kila mguu, na ukwato ni ukucha wake.

Mchoraji asiyejua hili huweka goti mahali pasipo goti, na mnyama wake hutembea kama meza iliyopewa uhai. Mtoto wa miaka mitano hawezi kueleza kasoro iko wapi. Atasema tu kwamba huyo mnyama ni wa ajabu, kisha atabadilisha chaneli.

Kujifunza viungo namna hii si jambo jipya katika studio za Marekani. Tangu mwaka 1932 Walt Disney aliwaandalia wachoraji wake masomo ya kuchora viumbe hai chini ya mwalimu Don Graham, na walipokuwa wakitengeneza Bambi, iliyotoka 1942, watoto wawili wa paa waliletwa studioni kutoka jimbo la Maine ili wachorwe wakiwa wanakua. Kwa The Lion King, mtaalamu wa wanyamapori Jim Fowler alifika studioni mara kadhaa akiwa na simba wa kweli na wanyama wengine. Simba akitembea, mifupa yake ya bega hupanda na kushuka juu ya mstari wa mgongo, kwa sababu bega lake limeshikiliwa na misuli, bila mfupa wa mtulinga unaofunga kama wetu. Hilo halihitaji Jim Fowler. Paka yeyote anayevuka sebule ataonyesha, ilimradi kuna mtu aliyeinua macho kutoka kwenye simu.

Njia inaendelea kwa unyoofu kati ya kuta mbili za miamba myekundu. Hapa ndipo penye wanyama wengi: pundamilia, swala, kongoni, nyati kwa mbali wakiwa kama madoa meusi, na twiga wanaojitokeza nyuma ya miti ya migunga. Anayeendesha polepole ataweza kuona mpangilio wa hatua. Pundamilia akitembea huanza na mguu wa nyuma wa kushoto, kisha wa mbele wa kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kulia. Twiga naye hupeleka miguu miwili ya upande mmoja karibu kwa pamoja, na shingo ndefu huenda mbele na kurudi kusawazisha mwili. Akikimbia, miguu yake ya nyuma hupita nje ya ile ya mbele na kutua mbele yake. Kwa mbali anaonekana kama anayekimbia kwa mwendo wa kuchelewesha makusudi, ilhali anaiacha baiskeli nyuma kabisa.

Ucheleweshaji huo una sababu, na sababu hiyo hiyo ndiyo inayowagombanisha wazazi na watoto barabarani. Mguu unaoning'inia kutoka nyongani hufanya kazi kama pendulamu ya saa ya ukutani: ukiwa mrefu, unachukua muda zaidi kwenda na kurudi. Mguu wenye nusu ya urefu wa mwingine hautumii nusu ya muda. Hutumia kama asilimia 70 ya muda ule. Sasa chukua baba na mtoto wake wa miaka minne wanaotembea kuelekea korongoni. Mtoto anahitaji hatua mbili kwa kila hatua moja ya baba, lakini miguu yake, ikiachwa ijiendee kwa mwendo wake wa asili, humpa hatua moja na nusu tu, pengine pungufu ya hapo. Pengo linalobaki hulipwa kwa kukimbia. Mtoto anayelia “nimechoka” baada ya kilomita moja wakati baba hajatoa hata jasho hadanganyi. Amekuwa akikimbia njia nzima.

Wachoraji wazuri wanalijua hili, ndiyo maana mtoto katika katuni nzuri si mtu mzima aliyepunguzwa. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake. Cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya saba au ya nane. Uzito wake uko juu. Anayeanza kwenda tata, baada ya kusimama dede, hutanua miguu, hunyanyua mikono na kutua kwa unyayo mzima. Kutanguliza kisigino na kubembeza mikono kwa zamu huja baadaye, na mwendo huendelea kukomaa hadi karibu umri wa miaka saba. Simba mdogo katika filamu ile hujikwaa, huzidiwa na makucha yake mwenyewe, kichwa humtangulia. Angetembea kama Mufasa aliyefinywa, hakuna mzazi ambaye angemwonea huruma.

Mwamba wa Fischer's Tower umesimama peke yake kando ya njia, mrefu wa mita 25 hivi, umepewa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyepita hapa mwaka 1883. Simulizi ya Wamaasai husema ni binti aliyekuwa akipelekwa kuolewa, akakatazwa kugeuka kutazama nyuma, akageuka, akawa jiwe. Pimbi hukaa kwenye nyufa zake wakiota jua, na huwa hawashtuki sana wakiona watu. Vijana wanaokwea miamba huja na kamba zao, na watoto walio chini huangalia juu wakiuliza swali ambalo kila mtoto huuliza: akianguka je?

Fizikia ya swali hilo ndiyo uti wa mgongo wa katuni. Filamu ya kawaida huonyesha picha 24 kwa kila sekunde. Kitu kikiachiwa kianguke, katika robo ya kwanza ya sekunde, yaani picha sita, hushuka kama sentimita 30 tu. Robo ya pili hushuka 90, ya tatu 150, ya nne 210. Ni moja, tatu, tano, saba: namba witiri zikifuatana. Galileo aliona mpangilio huo karne nne zilizopita, na leo hufundishwa kwa wanafunzi wa uhuishaji, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha San Jose huko California, ambako mwalimu wa fizikia Alejandro Garcia amewafundisha wachoraji somo hilo. Mchoraji akigawa nafasi sawa kwa sawa, jiwe lake litaonekana kuteremshwa kwa kamba.

Na si hivyo tu. Muda wa kuanguka ndio humwambia mtazamaji kitu kina ukubwa gani. Jiwe kutoka kilele cha mwamba wa mita 25 huchukua zaidi kidogo ya sekunde mbili kufika chini, karibu picha 54. Mchoraji mvivu akitumia picha 20, mwamba wake, hata aupake rangi namna gani, utaonekana wa mita tatu na kitu, kama ukuta wa nyumba. Jicho halijui hesabu, lakini limeona vitu vikianguka tangu utotoni na halidanganyiki kwa urahisi.

Hesabu hiyo hiyo ina matumizi nyumbani. Kitanda cha sentimita 60 kwenda juu: mtoto mchanga anayeviringika hadi ukingoni hufika sakafuni kwa kama theluthi moja ya sekunde. Ni picha nane. Mama aliye upande wa pili wa chumba anahitaji karibu robo sekunde ili mwili wake uanze tu kuitikia kile ambacho macho yameona. Hakuna kudaka hapo. Kauli ya “nilikuwa namwangalia” inaweza kuwa kweli kabisa na bado mtoto akaanguka, na ndiyo maana wahudumu wa afya wanasisitiza mtoto mchanga asiachwe juu ya kitanda au kochi hata kwa dakika.

Katuni nyingine, bila shaka, huvunja sheria hii makusudi. Kila mtoto amemwona mhusika akipita ukingo wa genge, akakimbia hewani, akatazama chini, kisha ndipo akaanguka. Huo ni mzaha wa kale na ni mzuri. Unachekesha kwa sababu mtazamaji anajua mwili halisi ungefanyaje. Mtoto mwenye miaka mitatu ambaye hajawahi kuruka kutoka kwenye jiwe, kuteleza kwenye tope, wala kuchubuka goti, hana cha kulinganisha nacho. Haoni mzaha, anaona habari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri watoto wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na wapate angalau dakika 180 za kuchezesha mwili. Wazazi wengi huisikia saa moja ile kama adhabu na kuzisahau zile dakika 180, ambazo ndizo zinazompa mtoto ujuzi wa kuicheka katuni anayoipenda.

Kitu kikiwashtua pundamilia, kundi zima huondoka shoti na kuacha vumbi. Hapo wasafiri wote husimama na kuangalia, na hakuna anayeweza kusema miguu iko wapi. Wanadamu walishindwa kwa karne nyingi. Wachoraji wa Ulaya walimchora farasi wa mbio akiwa amenyoosha miguu ya mbele mbele na ya nyuma nyuma, kama anayeruka mtaro. Juni 1878, kwenye shamba la Leland Stanford huko Palo Alto, California, mpigapicha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia na nyuzi ambazo farasi alizikata akipita. Picha zilionyesha kwamba ni kweli kuna wakati kwato zote nne ziko hewani, lakini wakati huo miguu imekunjwa chini ya tumbo. Zikinyooshwa, angalau ukwato mmoja unagusa ardhi. Muybridge aliendelea na kazi hiyo na mwaka 1887 akatoa mkusanyiko wa mabamba 781 ya watu na wanyama wakiwa katika mwendo. Wachoraji wa katuni wanauperuzi hadi leo.

Juu ya kuta, tumbusi huzunguka bila kupiga mbawa. Hewa iliyopashwa na mawe hupanda, nao huinama ndani yake duara kwa duara. Mtoto aliyekata kona kwa baiskeli asubuhi ataelewa kwa nini ndege anainamisha ubawa upande anaogeukia. Hahitaji kuambiwa.

Kunakili mwendo halisi si mwisho wa kazi, na jambo hili studio zenyewe zimelionyesha. Toleo jipya la The Lion King la mwaka 2019, ambalo waandaaji wake pia walifika Kenya, lina wanyama ambao ni vigumu kuwatofautisha na wa kweli: manyoya, misuli, vumbi chini ya kwato. Wakosoaji wengi waliona kasoro moja. Nyuso za simba halisi hazionyeshi furaha na huzuni kama za binadamu, hivyo filamu ilipoteza sehemu ya moyo uliokuwa katika michoro ya 1994. Wachoraji wa kwanza walijua bega la simba linavyopanda, kisha wakampa nyusi ambazo simba hana. Ukitazama Tinga Tinga Tales, mfululizo uliochorwa Nairobi kwa mtindo wa michoro ya Kitanzania ya Tingatinga, hakuna mnyama aliye na umbo halisi hata mmoja, na bado tembo ana uzito wa tembo. Hiyo ndiyo kazi ngumu zaidi.

Mwisho wa njia ya baiskeli ni mahali pa kupumzikia, penye nyani wezi wa mikate. Hapo baiskeli huachwa na familia hushuka kwa miguu, pamoja na kiongozi, kuingia katika korongo la Ol Njorowa. Ghafla baridi inaingia. Kuta zimechongwa na maji hadi zikawa laini kama ndani ya chungu, mahali pengine zikikaribiana kiasi kwamba mtu mzima akinyoosha mikono anagusa pande zote mbili. Maji moto hutiririka kwenye nyufa, kwa kuwa chini yake ni ardhi ile ile yenye joto inayoendesha mitambo ya umeme ya Olkaria.

Watoto waliowahi kuiona filamu huwa kimya hapa, au hupiga kelele, kutegemea mtoto. Wanakumbuka korongo la nyumbu. Sehemu ile ya filamu ni ya dakika mbili na nusu tu, lakini wachoraji na mafundi watano waliifanyia kazi kwa zaidi ya miaka miwili. Walitengeneza nyumbu wachache kwa kompyuta, wakawazidisha hadi mamia, na kumpa kila mmoja njia yake ya kuteremkia mlima, ili kundi liende kama kundi la kweli: bila mpangilio, lakini pia bila kupandana. Matokeo yake ni kitu kinachotiririka. Nyumbu wanamwagika ukingoni na kujaa korongo kama maji.

Na maji ndiyo yanayoua hapa. Aprili 2012, vijana waliokuwa wamekuja na kundi la kanisa walifikiwa na mafuriko ya ghafla ndani ya korongo, na saba wakafa. Septemba 2019 wageni wengine, pamoja na kiongozi wao, walisombwa na kufa, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) likalifunga korongo. Mvua inaweza kunyesha mbali, juu ya vilima, wakati anga la juu ya korongo ni la buluu. Maji yanayoteremka hukusanyika kwenye mfereji mmoja, na kila mfereji unapokuwa mwembamba, maji yale yale hulazimika kwenda kasi zaidi. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu, yasiyofika hata nusu ya goti la mtu mzima, yanaweza kumwangusha.

Mtoto aliyeyaona mafuriko kwenye katuni tu anatarajia muda: ukuta wa maji uonekane kwa mbali, muziki upande, mhusika akimbie mbele yake hadi apate mzizi wa kushika. Korongoni hakuna muda huo. Kona ni nyingi, hakuna anayeona mbele zaidi ya mita chache, na kuta laini zile zinazopendeza katika picha hazina pa kushikilia. Kiongozi akisema tutoke, familia itoke, hata kama chakula kimeshafunguliwa na watoto wananuna. Mzazi anayepanga safari katika miezi ya mvua aulize kwanza kama korongo limefunguliwa, na likiwa limefungwa asitafute kijana wa kumpitisha kwa mlango wa nyuma. Tambarare ya juu inatosha kabisa kwa siku nzima.

Ada hulipwa kwa mtandao kupitia eCitizen, na hubadilika, hivyo ni vyema kuangalia kabla ya kuondoka nyumbani. Maji ya kunywa yabebwe ya kutosha kwa kila mtu, kofia pia, na helmeti kwa watoto kwa sababu si kila mkodishaji anazo. Nyati wasikaribiwe hata kama wanaonekana wamelala.

Simu, ambayo watoto watakuwa wameiomba tangu Nairobi, ina kazi moja nzuri huku. Nyingi za siku hizi hurekodi video ya mwendo wa polepole. Mtoto mmoja aruke kutoka kwenye jiwe la urefu wa goti, mwingine arekodi, kisha waitazame picha kwa picha: magoti yakikunjwa kabla ya kuruka, mikono ikitangulia, mwili ukikawia kidogo kileleni, halafu miguu ikigusa chini wakati mashavu na shati bado vinashuka. Baada ya hapo wapewe penseli na daftari chini ya mgunga, wachore picha tano za ruko hilo. Za mdogo zitakuwa na vichwa vikubwa na nafasi zisizolingana. Mwangalie anavyoweka ile ya chini kabisa mbali na nyingine.